Kompyuta Inapokuwa Nzito: Kutafuta Chanzo Kabla ya Kutoa Dawa

Katika vyuo vyetu vya ualimu, na katika shule nyingi za msingi ambako wanachuo hupelekwa kwa mazoezi ya kufundisha, kompyuta si kitu cha ajabu tena. Hutumika kuandaa azimio la kazi na maandalio ya masomo, kupiga chapa mitihani, kukokotoa alama na kutunza kumbukumbu za mahudhurio. Kwa sababu hiyo mwalimu anayemaliza chuo leo hana budi kujiandaa kwa swali ambalo huenda akaulizwa na mwalimu mkuu wake katika juma la kwanza la kazi: kwa nini kompyuta ya ofisi imekuwa nzito kiasi kwamba mtu afunguapo faili moja aweza kwenda kunywa chai na kurudi kabla haijafunguka?

Majibu yanayozoeleka ni mawili, nayo hutolewa upesi mno. La kwanza ni kwamba kompyuta ina virusi. La pili ni kwamba imezeeka. Hatusemi kwamba majibu hayo ni ya uongo siku zote. Lakini tumeyasikia mara nyingi kutoka kwa watu ambao hawakuitazama mashine yenyewe hata kwa dakika tano. Katika makala haya tunakusudia kueleza chanzo kimoja cha uzito ambacho watu wachache hukifikiria, nacho ni usawazishaji wa faili na hifadhi ya wingu unaoendelea chinichini pasipo mtumiaji kujua. Tukikieleza chanzo hicho, tutaonyesha pia utaratibu wa kukithibitisha, kwa maana kukishuku tu hakutoshi.

Yaliyotokea chuoni

Mwaka 2023, katika juma ambalo alama za mazoezi ya kufundisha zilipaswa kukamilishwa, kompyuta ya chumba cha wakufunzi ilikuwa nzito kupita kiasi. Ilikuwa mashine ya kawaida, yenye programu endeshi ya Windows 10, kumbukumbu ya gigabaiti 4, na diski ya aina ya zamani yenye sahani inayozunguka. Mtu alipoandika jina katika jedwali la alama, herufi zilitokea baada ya vidole kuondoka kwenye kibodi. Fundi aliyeitwa aliiwasha, akasubiri kidogo, akatikisa kichwa, kisha akashauri kwamba diski ifutwe yote na programu zipakiwe upya. Kazi hiyo ingekwisha siku ileile, na gharama yake haikuwa kubwa. Wengi wetu tuliafiki.

Ndipo mmoja wetu alipouliza vitu vilivyomo ndani ya diski vitahamishiwa wapi. Mlikuwamo alama za wanachuo, ripoti za wakufunzi waliozungukia shule, na picha za zana ambazo wanachuo walizitengeneza na kuzitumia darasani. Kila mtu aliamini kwamba nakala nyingine ipo mahali fulani, lakini hakuna aliyeweza kusema ipo wapi. Tuliomba kazi ile isubiri hadi kesho yake.

Jambo la kwanza tulilofanya halikuhusu mashine hata kidogo. Tuliwauliza watumiaji. Uzito ulianza lini? Jumatatu. Je, kabla ya Jumatatu kulikuwa na jambo lolote jipya? Wote walijibu hapana, kama watu wajibuvyo siku zote. Lakini karani, ambaye hakuna aliyekuwa amemwuliza, alisema, "Mkufunzi, mbona juzi bando lilipokwisha ilikuwa nyepesi? Nilichapa barua zote tatu kabla ya saa nne." Kauli hiyo ilitufaa kuliko yote tuliyoyasikia siku ile. Mashine iliyozeeka haipati ujana kwa sababu bando limekwisha.

Baadaye mwenzetu mmoja alikumbuka kwamba Ijumaa iliyotangulia alikuwa ameingia katika akaunti yake ili achapishe barua, na kwamba ulimjia ujumbe wa kumwuliza kama angependa faili zake zilindwe. Alikubali. Nani asiyependa faili zake zilindwe?

Usawazishaji ni nini

Hapo awali faili ilikaa katika diski moja, na aliyetaka kuihamisha aliibeba kwa flashi. Hifadhi ya wingu ni mpango tofauti: faili zetu hutunzwa pia katika kompyuta kubwa za kampuni fulani, zilizo mbali, nasi huzipata kwa njia ya intaneti popote tulipo. Dropbox ilifunguliwa kwa watu wote mwaka 2008, na Google Drive mwaka 2012. OneDrive ya Microsoft ilianza mwaka 2007 kwa majina mengine, ikapewa jina lake la sasa mwaka 2014. Neno "wingu" lisitupumbaze tukadhani faili zinaelea angani. Zimo ndani ya diski kama zetu, ila diski hizo ni mali ya wengine na zinatunzwa vizuri kuliko zetu.

Usawazishaji, basi, ni kazi ya kuhakikisha kwamba yaliyomo katika folda fulani ya kompyuta yetu yanalingana na yaliyomo katika hifadhi ile. Tukiongeza faili huku, iongezwe kule. Tukiirekebisha kule kwa kutumia simu, irekebishwe na huku. Tukiifuta huku, ifutwe na kule. Nalo jambo hili la mwisho tunaomba likumbukwe, kwa kuwa tutalirudia.

Kazi hiyo hufanywa na programu ambayo hujiwasha yenyewe kila kompyuta iwashwapo. Haina dirisha lake la kudumu. Alama yake ndogo hukaa pembeni karibu na saa. OneDrive huja pamoja na Windows yenyewe, na ikikubaliwa huweza kuzichukua folda tatu ambazo watu huzitumia zaidi, yaani ile ya vitu vilivyo juu ya skrini, ile ya nyaraka na ile ya picha. Hivyo mtu aweza kuwa anasawazisha kila anachokifanya, naye akidhani kwamba anaandika katika kompyuta yake tu.

Kwa nini mashine huelemewa

Ni vema mwanachuo aelewe kwamba kompyuta ina mali nne zinazogombewa na programu zake zote: prosesa inayofanya hesabu, kumbukumbu inayoshikilia kazi zilizo mkononi, diski inayotunza faili, na njia ya mtandao. Programu ya usawazishaji huzitumia zote nne. Haina budi kuitazama folda wakati wote ili ijue kilichobadilika. Ikiona faili mpya huisoma yote, hukokotoa alama ya kuitambulisha ili iilinganishe na nakala iliyo mbali, huifunga kwa namna ambayo mtu wa njiani hawezi kuisoma, kisha huituma. Faili ikitoka kule kuja huku, huandikwa katika diski. Na mara iandikwapo, programu ya kukinga virusi huikagua, na programu ya kutafuta faili huisoma iorodheshe maneno yake. Faili moja imezaa kazi tatu, na mtumiaji hakuifungua hata mara moja.

Katika kompyuta mpya yenye diski isiyo na sehemu zinazotembea, kazi hizo hazionekani sana. Katika kompyuta tulizo nazo shuleni, ambazo nyingi zimepokewa zikiwa zimekwisha tumika, mambo ni mengine, na yatupasa tueleze sababu yake kwa hesabu kidogo. Diski ya kuzunguka inayotumika sana katika kompyuta za mapajani huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa sekunde. Mzunguko mmoja huchukua milisekunde 11 hivi. Kichwa cha kusomea kikifika mahali panapotakiwa, kwa wastani hungoja nusu mzunguko kabla data haijapita chini yake, nayo ni kama milisekunde 5 na nusu. Na kabla ya hapo mkono unaokibeba umekwisha tumia milisekunde 10 au zaidi kusogea. Ukijumlisha utaona kwamba diski hiyo yaweza kufika mahali palipotawanyika kama mara 60 tu kwa sekunde moja. Diski zisizozunguka hufanya hivyo mara maelfu kwa maelfu.

Sasa fikiria programu mbili zikiomba kwa zamu. Jedwali la alama linataka kitu kilicho ukingoni mwa sahani, na usawazishaji unataka kitu kilicho karibu na kitovu. Mkono huenda na kurudi, huenda na kurudi, na muda mwingi hupotea njiani. Ndiyo maana faili ndogo 2,000 za picha huchosha diski kuliko faili moja kubwa yenye ukubwa sawa na zote hizo kwa pamoja. Kumbukumbu nayo ikiwa ndogo, hali huzidi kuwa mbaya, kwa sababu Windows hulazimika kuyahamishia baadhi ya mambo yaliyo mkononi katika diski hiyohiyo ambayo tayari imeelemewa.

Kuhusu mtandao, watu wengi huhesabu kasi ya kupokea na kuisahau ile ya kutuma, ambayo aghalabu huwa ndogo zaidi. Tuchukue njia inayotuma megabiti 1 kwa sekunde. Gigabaiti 1 ni sawa na megabiti 8,000, hivyo kuituma kutachukua sekunde 8,000, yaani saa 2 na dakika 13, tena ikiwa njia haikatiki. Video ya dakika 10 ya somo, iliyopigwa kwa simu za sasa, yafikia ukubwa huo kwa urahisi. Wakati wote huo hata ombi dogo la kufungua ukurasa wa intaneti hupanga foleni nyuma ya video, na mtumiaji hulalamika kwamba mtandao haupo, kumbe upo ila umejaa.

Kuna jambo jingine ambalo katika mazingira yetu huenda ndilo kubwa zaidi. Usawazishaji wa mara ya kwanza ni mzigo mzito, lakini una mwisho. Ukikamilika, kinachobaki ni mabadiliko madogomadogo. Katika ofisi zetu mzigo huo mara nyingi haufiki mwisho. Umeme hukatika, bando huisha, kompyuta hufungwa saa tisa alasiri na kuwashwa kesho yake. Kila asubuhi programu huanza kwa kukagua upya imefika wapi, kisha huendelea palepale wakati ambapo watu wote wanataka kufanya kazi. Mzigo ambao ungekwisha kwa usiku mmoja huweza kuburutwa kwa majuma.

Namna ya kuchunguza

Chagua kwanza kazi moja ya kupimia. Sisi tulichagua kulifungua jedwali la alama, tukiwa na saa ya mkononi, tangu kubonyeza hadi jedwali lilipokuwa tayari kuandikwa. Tulipata dakika 4 na sekunde 10, tukaandika ubaoni. Bila kipimo cha namna hii mtu hujidanganya. Akiisha kujitaabisha na mashine huona kwamba imepata nafuu, kwa kuwa anataka iwe imepata nafuu.

Bonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha linaloorodhesha programu zote zinazofanya kazi, na kila moja inatumia kiasi gani cha prosesa, kumbukumbu, diski na mtandao. Ikiwa dirisha ni dogo na halionyeshi safu hizo, bonyeza maandishi yaliyo chini yake ya kuonyesha maelezo zaidi. Bonyeza kichwa cha safu ya diski ili programu inayoitumia zaidi ije juu, tulia dakika mbili tatu, kisha fanya vivyo hivyo kwa safu nyingine. Usikimbilie kutoa hukumu kwa kuona namba moja kubwa iliyopita mara moja. Kwetu safu ya diski ilisimama kwenye asilimia 100 bila kushuka, na majina yaliyokuwa yakibadilishana nafasi za juu yalikuwa mawili: programu ya usawazishaji, na programu ya kukinga virusi iliyokuwa ikikagua kila kilichoshushwa na yule mwenzake. Mwenye pupa angemlaumu huyu wa pili na kumwondoa, akaiacha kompyuta bila ulinzi na chanzo kikabaki palepale.

Itazame pia ile alama iliyo karibu na saa. Ya OneDrive ina umbo la wingu, ya Google Drive ni pembetatu, na ya Dropbox ni sanduku lililo wazi. Ukiibonyeza utaambiwa ni faili ngapi zinazongoja. Yetu ilisema zaidi ya elfu tisa.

Baada ya hapo simamisha usawazishaji. Usiing'oe programu, wala usitoke katika akaunti. Kila moja kati ya programu hizo ina agizo la kusimama kwa muda, nayo OneDrive hukuruhusu kuchagua saa 2, 8 au 24. Ngoja kidogo mpaka diski itulie, kisha rudia kipimo chako. Kwetu jedwali lilifunguka kwa sekunde 35.

Wengi wangeishia hapo wakashangilia. Sisi tunawashauri wanachuo waongeze hatua moja ambayo watu huiona kama ni kupoteza muda: rudisha usawazishaji, upime tena. Uzito usiporudi, basi huenda mashine ilipata nafuu kwa sababu nyingine iliyotokea wakati uleule, mathalani Windows ilikuwa ikijisasisha na kazi hiyo ikawa imekwisha. Uzito ukirudi, na ukisimamisha tena ukaondoka, hapo unaweza kumweleza mwalimu mkuu chanzo bila wasiwasi. Wetu ulirudi.

Uchunguzi ukionyesha kwamba usawazishaji hauna hatia, tazama kama diski imejaa, kama kuna kurasa nyingi za intaneti zilizoachwa wazi, kama vumbi limeziba njia ya hewa na mashine inaungua kwa joto, au kama diski yenyewe imeanza kufa na inatoa milio. Kila jambo lipimwe peke yake. Mtu anayebadilisha mambo matano kwa mkupuo, hata akifaulu, hajui amefaulu kwa lipi.

Namna ya kutibu, na hatari iliyopo

Tulipokwisha kujua kwamba picha za mwenzetu ndizo zilizokuwa zikishuka kwa maelfu, yeye mwenyewe, kwa nia njema kabisa, aliketi akaanza kuzifuta katika folda ile ili aipunguzie kompyuta mzigo. Alikuwa amefuta mamia tulipomzuia. Folda ile ilikuwa ya usawazishaji. Kila alichokifuta kwenye kompyuta ya chuo kilikuwa kikifutwa katika akaunti yake, na katika simu yake kikawa hakionekani tena. Miongoni mwa picha hizo zilikuwamo za masomo ya wanachuo ambazo hazikuwa na nakala nyingine popote. Ziliokolewa kwa sababu hifadhi hizi zina kapu la taka: Google Drive hukitunza kilichofutwa kwa siku 30, OneDrive ya mtu binafsi vilevile siku 30, na ile ya taasisi kwa kawaida siku 93. Lau mkasa huu ungegunduliwa muhula uliofuata, tusingekuwa na la kufanya.

Kwa hiyo tofautisheni maagizo mawili yanayofanana machoni. Liko agizo la kufuta, ambalo huiondoa faili pande zote. Liko pia agizo la kupunguza nafasi, ambalo huiondoa nakala ya kwenye diski tu na kuiacha ya kule mbali. Jina la faili huendelea kuonekana likiwa na alama ya wingu, na faili hushushwa pale tu inapofunguliwa. Mpango huu uliingizwa katika OneDrive na Windows 10 mwaka 2017, na kwa kompyuta yenye diski ndogo ni msaada mkubwa. Google Drive nayo hukupa kuchagua kati ya kushusha faili zote na kushusha unazozihitaji tu. Kasoro yake ni kwamba faili iliyobaki mbali haifunguki siku ambayo intaneti haipo. Basi faili za lazima, kama alama na mitihani, ziwekewe agizo la kukaa katika diski daima.

Kwa kompyuta ya shule dawa inayotosha mara nyingi ni kuchagua folda chache za kusawazisha na kuziacha nyingine zote. Video zihamishiwe nje ya folda hizo. Katika mipangilio ya programu unaweza pia kuweka kikomo cha kasi ya kutuma, kwa kilobaiti kwa sekunde, ili njia isijazwe yote. Ikiwa intaneti hutoka kwenye simu ya mwalimu, uambie mfumo wa Windows kwamba mtandao huo hulipiwa kwa kipimo. OneDrive itasimama yenyewe, na bando la mwalimu halitateketea kwa picha asizozijua. Usawazishaji wa mara ya kwanza upewe usiku mmoja ambao umeme ni wa kuaminika, kompyuta ikiwa imezuiwa isilale. Kamwe programu mbili za usawazishaji zisielekezwe kwenye folda moja, kwa kuwa kila moja huyaona mabadiliko ya mwenzake kuwa ni mapya, na kazi haiishi.

Tusidanganyike kwamba usawazishaji ni nakala ya akiba. Faili ikiharibiwa huku, uharibifu wake husawazishwa. Alama zinakiliwe katika flashi kila Ijumaa, na flashi itunzwe kabatini, mbali na kompyuta. Na akaunti ya mtu binafsi isiachwe wazi kwenye kompyuta ya watu wengi, kwani hapa hatukuona uzito wa mashine tu; tuliona pia picha za harusi ya watu.

Kulifundisha jambo hili darasani

Wanachuo wetu hutuuliza ni vipi mtoto wa Darasa la Tano ataelewa mambo haya hali shule haina hata kompyuta moja. Tumejaribu mchezo ufuatao katika shule ya mazoezi, nao hutosha kwa kipindi kimoja cha dakika 40. Zana zake ni daftari moja lenye kurasa nyingi, vipande vya karatasi na saa.

Mwanafunzi mmoja anaitwa Diski, naye peke yake ndiye anayeruhusiwa kulishika daftari. Katika kurasa mbalimbali mwalimu amekwisha andika maneno, neno moja kwa kila ukurasa. Mwanafunzi wa pili, Mtumiaji, anamtajia Diski namba za kurasa 10, moja baada ya nyingine, na Diski anafunua na kumsomea. Darasa linahesabu sekunde, na muda unaandikwa ubaoni. Kisha anaingia mwanafunzi wa tatu, Msawazishaji, ambaye naye ana orodha yake ya kurasa. Sheria ni kwamba Diski awahudumie kwa zamu. Kila neno analosomewa Msawazishaji huliandika kwenye kipande cha karatasi na kumpa Mjumbe, ambaye hukipeleka kwa mwanafunzi aliyesimama verandani akiwa ndiye Wingu. Muda wa Mtumiaji unapimwa tena. Mara ya tatu Msawazishaji anaambiwa akae chini, na muda unapimwa; mara ya nne anainuliwa tena. Zikiwa ubaoni, namba hizo nne ndizo zitakazosema, na mwalimu asitangulie kutoa jibu.

Mara ya kwanza tulipojaribu, mchezo haukwenda tulivyotaraji. Tulikuwa tumempa Msawazishaji kurasa zinazofuatana na zile za Mtumiaji, hivyo Diski hakuhangaika. Alifunua ukurasa mmoja mbele, akasoma, akafunua mwingine. Tofauti kati ya vipimo ilikuwa ndogo mno. Juma lililofuata tulimpa Mtumiaji kurasa za mwanzo wa daftari na Msawazishaji kurasa za mwisho. Diski, msichana mwepesi wa mkono, alianza kutoa jasho. Muda wa Mtumiaji ulizidi maradufu, na darasa zima likaona kwamba kinachomchelewesha ni kule kufunua, wala si kusoma.

Mvulana aliyeketi nyuma aliuliza kwa nini tusilichane daftari tukalibandika ukutani, ili Diski awe anatazama tu bila kufunua. Tulimwomba aje mbele alijaribu wazo lake. Tulitumia dakika 15 kubandika, kengele ikalia kabla hatujapima, na walimu wa kipindi kilichofuata wakaukuta ukuta umejaa karatasi.